Kengele Mbili Nyuma Yetu

Grand,

Nakuandikia, mkubwa wangu, nikiwa ateliye, karakana yetu ya baiskeli, nimekaa kwenye lile debe la rangi ulilokuwa ukikalia wewe, na mlango nimeuacha wazi wote ili mwanga wa mchana uingie vizuri. Kinga yako, ile baiskeli yako ya mwisho, naiona kutoka hapa. Imetundikwa kwenye ndoano yake ukutani, imetulia, na mi namwomba Mungu iendelee kutulia hivyo hivyo mpaka nimalize barua hii.

Jana tulifanya kuganduka. Mwaka umetimia, familia yako imevua msiba, watu wamekunywa, wamekusema vizuri, wamerudi kwao. Nitakusimulia ya jana. Lakini kwanza kuna jambo we ulikufa hulijui. Ulikufa hujui kwa nini baiskeli ilikurusha pale Kona ya Jiwe. Watu wote walisema ni utelezi. Utelezi! Mtu aliyekuwa anateremka kutoka Bugarama na mikungu sita ya ndizi mgongoni mwa kinga, mvua inanyesha, tangu ana miaka kumi na sita, leo utelezi umuue? Mi sikuamini utelezi hata dakika moja, kwa sababu mi nilijua. Nilijua tangu asubuhi ile, kabla hatujatoka hapa Nyakabiga.

Subiri, usinikasirikie bado. We mwenyewe ulinifundisha hakuna kushuka bila kupanda. Basi niache nipande kidogo.

Unamkumbuka yule Mwingereza mrefu, mmoja wa wageni tunaowapandisha mlimani kwa baiskeli, yule aliyekuwa anaendesha viwiko nje kama mtu anayefukuza kuku? Siku anarudi kwao alikuachia baiskeli yake. Ayi, Grand, ulivyofurahi! Uliizungusha Nyakabiga nzima ukiisukuma tu, hupandi, ili kila mtu akuulize imetoka wapi. Mpaka yule mama muuza samaki wa sambaza ulimsimamisha aiinue aone ilivyo nyepesi. Halafu ukaifungia ile kengele yako ya zamani kwenye usukani, ile iliyotoka kwenye kinga yako ya ndizi, yenye sauti ya mtu anayekohoa. Ukaniambia niisafishe, niikaze, kesho unaipandisha mlimani. Ukaenda kwako Buterere.

Nikaisafisha. Na nilipofika kwenye breki nikaona waya wa mkono wa kulia unakwenda gurudumu la mbele. Kwao ndivyo wanavyofunga. Kwetu, wewe unajua, kinga zote zilizopita mikononi mwangu, kulia ni nyuma, kushoto ni mbele. Kubadilisha zile nyaya ni kazi ya nusu saa. Nusu saa, Grand. Lakini nilikuwa nimechoka, nina njaa, nikasema kesho nitamwambia, na tukirudi nitazifunga upya. Nikavuta mlango nikaenda kula.

Kesho yake ukafika na moto wako. Wageni wanne walikuwa wameshafika, na we ukakuta kiti cha yule mama wa Kibelgiji bado kinacheza. Ukanisema mbele yao. "Huyu Petit wangu, mikono iko kazini, kichwa kiko bado kitandani." Halafu ukaniigiza, unakaza vis ya kiti huku unasinzia, mdomo wazi, hata wale wasiojua Kiswahili neno moja wakacheka mpaka wakashika mbavu. Ulikuwa na mdomo, Grand, tuseme ukweli. Mi nilicheka pia, kwa meno tu. Ndani niliungua. Na nilipokuona unaishika ile kinga mpya, nikafungua mdomo nikuambie habari ya breki. Nikaufunga. Nikasema moyoni: atajijua.

Ndilo neno lenyewe hilo. Atajijua. Nilidhani utagundua kabla ya Gasenyi, utashtuka kidogo, wageni watacheka, utanitukana, tutakuwa sawasawa. Nilitaka ushtuke tu. Sikutaka zaidi ya hapo, naapa mbele ya Mungu. Lakini kutoka Gasenyi ni kupanda, saa nne nzima ni kupanda, na nani anashika breki kwa nguvu akipanda? Tulipita wale vijana wa ndizi wanaoteremka kama mawe, tulipita malori na watu wamening'inia nyuma na kinga zao, tukaiacha lami, tukapanda mpaka kule baridi inakoanza, kwenye mashamba ya chai, na ukungu ukatufunika. Hapo juu kabisa, kabla ya kayira, kale kanjia ka mtu mmoja mmoja kanakoshuka bondeni, ulitoa kiazi kitamu cha mke wako, Mama Nella, kwenye mfuko wako wa nyuma, ukakivunja, ukanipa nusu. Hukusema samahani. We ndivyo ulivyokuwa unaomba samahani, kwa kiazi. Nikakila. Na bado nilikuwa na kinyongo.

Mwaka mzima nilijiambia kwamba pale juu nilisahau. Sikusahau, Grand. Nilikula kiazi chako nikiwa nakumbuka.

We miaka yote ya ndizi hukuwa na breki. Breki yako ilikuwa soli ya kandambili, unaikandamiza kwenye gurudumu la nyuma mpaka inatoa moshi. Kwako kusimama ni kusimamisha nyuma. Hata ulipopata baiskeli za breki kamili, mkono wa kushoto ulikuwa umelala tu. "Ya kushoto ni ya wageni," ulisema. Kwa hiyo pale kwenye kona, jiwe upande huu, korongo upande ule, mkono wako wa kulia ulifanya kazi yake ya siku zote, na lililosimama ni gurudumu la mbele.

Na mi nilikuwa chini ya kona, nimesimama, nahesabu kengele. Utaratibu wetu. Mi natangulia, we unafagia nyuma, unahakikisha hakuna aliyebaki, na kila kona mbaya nasimama chini nasikiliza. Kila mgeni anapiga moja anapoiingia. We unapiga mbili, maana yake: wote tupo. Nilisikia moja, na moja, na moja, na moja. Nikasubiri mbili zako. Nikasikia mawe yanaporomoka.

Sasa lile la pili, ambalo naona aibu kuliko la kwanza. Siku ya kukuzika, watu walipokuwa wanapanda magari kwenda makaburini, mi niliwaambia nakuja nyuma. Nikaja hapa. Kinga yako walikuwa wameirudisha, imepinda usukani kidogo tu, hata kengele ilikuwa nzima. Nikavua koti, nikabadilisha nyaya. Kulia nyuma, kushoto mbele. Nikajaribu mara tatu. Ile nusu saa niliyokunyima ukiwa hai nilikupa siku ile, ili mtu yeyote atakayekuja kuitazama asione kitu. Halafu nikaja kukuzika.

Shati langu jeupe lilikuwa na mafuta meusi kwenye mkono. Mama Nella aliyaona. Pale pale kaburini, mjane, macho yamevimba, alinishika mkono akayafuta kwa pindo la kitenge chake. Akaniambia, "Hata leo umemfanyia kazi." Nilitamani ardhi ipasuke. Nikainamisha kichwa kama mtu mwenye huzuni, na watu wakaniona mtoto mwema.

Baada ya miezi mitatu tukarudi mlimani. Wageni walikuwa wanaandika, wanaomba, na familia yako inakula kwa kazi hii, usisahau. Nikatangulia mi, na mgeni wa mwisho nikamwambia apige mbili. Siku ya kwanza alikuwa mwanamke mmoja mwalimu, mtulivu sana, haogopi kitu. Ukungu ulikuwa mzito. Nikasimama chini ya Kona ya Jiwe. Moja, moja, moja, halafu zake mbili, kengele mpya, sauti kali. Nikaguna, vizuri. Nikaweka mguu kwenye pedali. Na juu kule, nyuma yake, polepole, nikasikia mbili nyingine. Zinakohoa.

Grand, kengele yako ilikuwa hapa Nyakabiga. Ilikuwa kwenye kinga yako, kinga iko ukutani, mlango una kufuli, na ufunguo ulikuwa mfukoni mwangu unanichoma paja.

Yule mwalimu alifika chini ameshika usukani kwa mikono miwili, vidole vimekuwa vyeupe. Hakusema amesikia nini. Aliniuliza tu asubuhi tulikuwa wangapi. Nikamwambia watano, pamoja na mimi. Akaomba awekwe katikati ya mstari.

Tangu hapo kila safari. Nilibadilisha siku, nilibadilisha wageni, nilijaribu kutosimama kabisa pale kwenye kona, nikapita mbio kama mwizi. Mbili zinakuja tu, chini kidogo ya pale nilipozikwepa. Na wale kina mama wanaochuma chai, unawajua, wale waliokuwa wanakutania kwamba umezeeka unakokota mkia? Tunapopita wanatusalimia mmoja mmoja. Amahoro, amahoro, amahoro. Mgeni wa mwisho akishapita, wanageuka tena kwenye njia isiyo na mtu, wanasema amahoro. Niliona mara ya kwanza nikasema ni mazoea. Mara ya nne yule mnene mwenye kikapu kikubwa akanisimamisha, akaniambia kwa sauti ya kulalamika, "Huyo wenu wa nyuma siku hizi haitikii." Nikasema ndiyo, mama, ana mafua. Nisemeje sasa?

Nilikonda. Mama yangu alinipeleka kuombewa, wachungaji wawili wakaniwekea mikono kichwani wakakemea mapepo mpaka wakalowa jasho. Hakuna pepo lililotoka. Lilikuwa neno moja tu tumboni, na hilo halikemewi, linasemwa. Lakini mi nilifikiri, nikae kimya, mwaka utakwisha, watu watavua msiba na mi nitavua wangu. Njia ya mwongo ni fupi, wanasema. Yangu ilikuwa na kilomita nyingi na zote za kupanda.

Halafu Nella. Nella binti yako, Grand, amekuwa mtu mzima, anasoma chuo kikuu, ana miguu yako na ulimi wako pia, hakuna alichorithi kwa mama yake. Wiki tatu kabla ya kuganduka alikuja hapa akasimama mlangoni. Bado ananiita Tonton, kama mjomba wake. "Tonton Elie, nafasi ya papa ya nyuma naichukua mimi. Na kinga yake." Mama yake alishakubali. Nikasema ni vizuri. Nikasema hivyo huku naitazama ile ndoano ukutani.

Jioni ya kuamkia safari yake ya kwanza, jua bado lipo, nikaishusha kinga kwenye ndoano kwa mara ya kwanza tangu siku ya mazishi. Nikapangusa vumbi. Nikainua, nikazungusha magurudumu yote mawili, nikashika breki ya kulia. Gurudumu la mbele likasimama. La nyuma likaendelea kuzunguka, tik tik tik, kama halina habari.

Nikakaa chini. Nikasema labda siku ile ya mazishi nilichanganyikiwa, nilifikiri nimebadilisha kumbe sikubadilisha. Sawa. Nikazifungua tena. Kulia nyuma, kushoto mbele. Safari hii nikachukua uzi mwekundu wa sufu wa mama yangu, nikafunga fundo kwenye waya wa kulia, pale pale unapoingia gurudumu la nyuma, nione kwa macho yangu. Nikajaribu mara kumi. Nikafunga kufuli, nikalivuta, nikalivuta tena.

Asubuhi, uzi ulikuwepo kwenye waya, fundo langu lile lile. Na waya ulikuwa unaingia gurudumu la mbele.

Mana yanje, Mungu wangu. Sikupiga kelele. Nilisimama tu nimeushika ule uzi kwa vidole viwili, na nje nasikia wageni wanafika, nasikia Nella anawasalimia kwa Kifaransa cha shule. Akaingia, akaichukua kinga mikononi mwangu, akasema, "Tumechelewa, Tonton." Akapiga kengele mara mbili, kwa mchezo. Nikafungua mdomo. Grand, nikaufunga. Si kwa hasira safari hii, kwa woga. Ningesema breki imefungwa kinyume, angeuliza umejuaje, tangu lini, nani aliifunga. Nikajiambia: apande tu, nitamwambia juu. Yale yale! Maneno yale yale, mlango ule ule, kinga ile ile. Mtu anaweza kuwa mjinga kiasi hicho mara mbili.

Tukapanda. Sitakusimulia kupanda, unakujua kuliko mimi. Nella alikuwa nyuma ya wote, anawatia moyo, anamsukuma mgongoni mzee mmoja aliyeishiwa pumzi, kama ulivyokuwa unafanya. Kwenye chai kina mama walitusalimia. Amahoro, amahoro. Walipomfikia Nella wakapiga vigelegele, wakamwita binti wa Deo. Halafu wakatazama nyuma yake. Safari hii hawakutoa amahoro. Yule mnene akaweka kikapu chini, akafunika mdomo kwa kiganja.

Nilikazana kupanda, sikugeuka.

Juu kabisa ukungu ulikuwa umekaa kwenye miti, hata mgeni wa tatu humwoni, unasikia tu kikombe cha chai kikigonga termosi. Nella akaja akasimama karibu yangu. Akaingiza mkono kwenye mfuko wa nyuma, akatoa kiazi kitamu, bado kina uvuguvugu. Akakivunja. Akanipa nusu.

Nilikishika kile kiazi, sikukila. Kayira kalikuwa pale mbele, mita kumi, keusi, kanaingia kwenye ukungu. Mkono wake wa kulia ulikuwa umeshakaa kwenye breki. Vidole vyako vile vile, Grand, vifupi.

Nikasema, "Nella, usishuke. Breki ya kulia ni ya mbele."

Akanitazama. Akainua kinga, akazungusha gurudumu, akashika. La mbele likasimama. Akashika tena. Akauliza kwa sauti ndogo, "Tangu lini?"

Nikamwambia. Yote. Mwingereza, nusu saa, kiti kilichocheza, wageni waliocheka, atajijua, kiazi. Siku ya mazishi. Nyaya. Uzi mwekundu. Nilisema bila kupumua, nikilia kamasi zinanitoka kama mtoto, na wageni wakatutazama na vikombe vyao bila kujua kuna nini. Nella hakulia. Alirudisha nusu yake ya kiazi mfukoni, akafunga zipu. Nikadhani atanipiga, na nilitaka anipige. Akasema, "Basi nitashuka na ya kushoto. We tangulia."

Nikatangulia. Sijawahi kushuka vibaya hivyo, nilikuwa sioni. Nikapita Kona ya Jiwe, nikasimama chini, mahali petu. Moja. Moja. Moja. Moja, yule mzee. Halafu kimya. Nilisikia maji yanadondoka kwenye majani. Nilianza kusema Baba Yetu, nikafika kwenye makosa yetu nikakwama, nikaanza upya. Kimya. Na mi nikawa nasikiliza mawe tu, Grand, sisikilizi kingine, nasikiliza mawe.

Zikaja mbili. Zinakohoa, wazi, karibu sana.

Nikakaa kwenye tope. Ni yeye, nikasema, ameiingia kona, kengele yako si iko kwenye usukani wake. Na kweli akatokea kwenye ukungu, taratibu, mguu mmoja nje, mkono wa kushoto umeshika breki. Akasimama mbele yangu. Uso ulikuwa umepauka wote.

"Tonton," akasema, "mi sikupiga."

Tukabaki tunatazama juu. Hakukuwa na mtu. Basi akanyoosha kidole gumba, akapiga mwenyewe, mbili. Tukasubiri, na hakuna aliyejibu.

Tulirudi hapa saa tisa. Wageni walipoondoka nikaleta ndoo ya maji, tukaosha kinga yako pamoja. Nella ndiye aliyeuona uzi. Ulikuwa gurudumu la nyuma. Waya wa kulia, fundo langu, nyuma. Akashika breki ya kulia, la nyuma likasimama. Akashika ya kushoto, la mbele. Akajaribu tena na tena, akaacha. "Nimeshuka mlima mzima na mkono wa kushoto," akasema, "na ilikuwa inashika nyuma." Halafu akajipangusa mikono. "Utamwambia mama mwenyewe. Siku ya kuganduka. Mbele ya watu."

Ndiyo ilikuwa jana.

Uwanja wenu wa Buterere ulijaa. Maji ya mvua ya juzi yalikuwa yamefika mpaka mlangoni, wakaweka matofali watu wapite. Mama Nella alikuwa amevaa nguo ya rangi ya chungwa, mara ya kwanza mwaka mzima tunamwona na rangi. Mjomba wako, yule msemaji, akasema ya kusema, akakushukuru, akashukuru majirani. Halafu akauliza, kama desturi, "Kuna mutu mwenye neno lolote na marehemu? Aseme leo, kesho tumefunga." Ni swali la kupita tu, hakuna anayelijibu. Watu walikuwa wameshaanza kushika chupa.

Nikasimama.

Sikusema vizuri kama nilivyosema mlimani. Niligugumia. Lakini nilisema, na nilisema yote, na atajijua nikaisema kwa sauti. Mtu mmoja akaweka chupa chini. Hakuna aliyenitukana, ingekuwa nafuu. Mama Nella akainuka, akaja, akapita juu ya matofali yale, akanishika mkono wa shati, pale pale.

"Yale mafuta," akasema. "Mi nilidhani ulikuwa unamfanyia kazi."

"Apana, Mama Nella. Nilikuwa najifanyia mimi."

Akaniachia. Akasema, "Sijui nitakutazama vipi tangu leo. Lakini huyu umemwambia." Akamwonyesha Nella kwa kidevu. Akarudi kukaa.

Pombe ikaanza kuzunguka, chupa kubwa kwa kila mstari, mtu anapiga funda anapitisha. Ikanifikia. Mjomba wako akamtazama Mama Nella. Mama Nella akatazama chini. Nikaelewa, nikampa jirani yangu bila kunywa. Sina neno, Grand. Ni haki yao. Nilikaa mpaka mwisho na koo kavu, nikabeba viti pamoja na wengine, nikaaga.

Nella akanikuta nimeshafika barabarani. Nilifikiri anakuja kunifukuza kazi. Akasema tu, "Jumamosi saa kumi na mbili, Tonton. Usichelewe kama kawaida yako." Akageuka akaenda. Nimekuambia ulimi ni wako.

Basi, Grand wangu. Leo asubuhi nimejaribu kinga yako, kulia ni nyuma. Nimejaribu sasa hivi tena kabla ya kuandika mstari huu, kulia ni nyuma. Lala. Huku nyuma pana mtu sasa, ana macho yako, huna haja ya kuja tena kutufagia kwenye baridi ile. Wale mama wa chai nitawaambia umepumzika.

Na nakuahidi hivi. Hakuna mtu atakayeshuka kayira mbele yangu kabla sijamshika mikono yote miwili nikamwambia upi ni wa mbele na upi ni wa nyuma. Mgeni au wetu. Anayenipenda au aliyenitukana asubuhi ile ile. Hata wakinicheka. Mpaka miguu hii ikatae kupanda.

We ulikuwa wa kwanza kuambiwa, na hukuambiwa. Nimechelewa mwaka mzima, nisikilize lakini. Grand, simama kidogo, usipande bado. Hiyo kinga imefungwa kinyume, ni mimi sijaibadilisha. Ya kulia ni ya mbele. Shika ya kushoto, Grand. Ya kushoto.

Petit wako,
Elie